Mshindi wa Mnada Hakulipa, Wengine Hungoja Sekunde za Mwisho: Muuzaji Afanye Nini?

"Nauza mtandaoni, kwa njia ya mnada, vifaa vya kamera ambavyo nimekwisha kuvitumia. Mwezi uliopita niliweka lenzi moja kwa siku saba, bei ya kuanzia dola 20. Watu wawili walipandishana hadi 66. Siku ya mwisho zikaja akaunti mbili zisizo na maoni hata moja kutoka kwa wauzaji, bei ikaruka hadi 285. Mshindi hakulipa wala hakujibu ujumbe. Nikampa nafasi aliyemfuata, naye kimya. Nikamgeukia wa tatu, nikamtaka anunue kwa 80, ambalo ndilo lilikuwa dau lake la juu kabisa. Akanijibu kwamba bei ilichezewa na hatanunua tena kwangu. Nikairudisha lenzi mnadani. Safari hii dau moja la 20 lilikaa siku sita, kisha sekunde kumi za mwisho wakatokea watu wawili, ikaishia 58. Nimepoteza zaidi ya dola 220! Je, hawa wa sekunde za mwisho si walaghai? Niweke bei ya chini ya siri? Naweza kufuta dau nisiloliamini? Rafiki yangu ananishauri nifungue akaunti ya pili niwe napandisha bei mwenyewe inapolala. Anasema kila mtu anafanya hivyo."

Pole sana, ndugu. Yamekukuta mambo matatu kwa mpigo, na katika hasira umeyaona kama jambo moja. Kuna akaunti bandia zilizoharibu mnada wa kwanza. Kuna mnunuzi mwema uliyempoteza katikati. Na kuna wazabuni wa sekunde za mwisho, ambao kwa kweli hawana kosa lolote. Nitayachukua moja moja, na ushauri wa rafiki yako nitaujibu bila kuzunguka, kwa sababu ndio hatari kuliko yote uliyoyataja.

Nianze na hesabu, maana naona ndiyo inayokukosesha usingizi. Hukupoteza dola 220. Zile 285 hazikuwa fedha hata dakika moja. Hakuna mtu aliyekuwa tayari kuzitoa, na usingezipata kwa njia yoyote. Ili uione hasara yako halisi, ambayo ni ndogo kuliko unavyodhani na imetoka mahali pengine kabisa, ni lazima uelewe bei inavyopanda katika minada ya aina hii.

Mzabuni anapoweka dau kwenye mtandao kama eBay, haandiki bei atakayolipa. Anaandika kikomo chake, na kikomo hicho hufichwa. Mfumo humpandishia dau kwa niaba yake, hatua kwa hatua, pale tu mwingine anapojitokeza, na husimama mara ukishampita huyo mwingine. Kwa hiyo bei anayolipa mshindi huwekwa na yule aliyeshindwa wa mwisho. Mwanauchumi William Vickrey aliichambua minada ambayo mshindi hulipa dau la pili kwa ukubwa katika makala yake ya 1961, na mchango wake huo ni miongoni mwa yaliyompatia Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 1996. Alionyesha kwamba katika mnada wa namna hiyo mtu hana sababu ya kuficha anachoweza kutoa. Akiandika kikomo chake cha kweli, hataumia, kwa kuwa hatalipa zaidi ya kile kinachohitajika kumshinda anayemfuata.

Sasa turudi kwenye lenzi yako. Tuwaite wazabuni A, B, C na D. A aliandika kikomo cha 80, na kwa kuwa alikuwa peke yake bei ikabaki 20. Akaja B na kikomo cha 65. Mfumo ukampandisha A hadi 66, dola moja juu ya B, ukasimama hapo. Hiyo 66 ilikuwa bei ya haki ya mnada wako: bei iliyozaliwa na watu wawili waliotaka kununua kweli. Kisha C, moja ya zile akaunti tupu, akaandika kikomo kikubwa, tuseme 300. Bei ikapanda hadi 81, yaani hatua moja juu ya A. Akaja D na 280. Kwa kuwa katika kiwango hicho hatua ni dola 5, bei ikawa 285. Angalia vizuri: kutoka 81 hadi 285 hapakuwa na mnunuzi wa kweli hata mmoja. Ni akaunti mbili bandia zilizokuwa zikisukumana.

Na hapa ndipo ulipomkosea A bila kukusudia. Bila C na D angeshinda kwa 66 na siku ya pili angekuwa amelipa. Madau bandia yaliifunua siri yake, ile 80 ambayo mfumo ulikuwa umemfichia, nawe ukamwendea ukimtaka ailipe yote. Kwa upande wake hali ilikuwa hivi: nimepitwa na akaunti isiyojulikana, akaunti hiyo haikulipa, na sasa muuzaji ananitaka nitoe kila nilichonacho. Kuhisi kwamba bei imechezewa ni jambo la kawaida kabisa, na pengine alidhani wewe ndiye C. Simlaumu. Sikulaumu wewe pia, kwa sababu mfumo wenyewe ndio unaokuelekeza huko: kwenye eBay, ofa ya nafasi ya pili hujazwa moja kwa moja kwa dau la juu la mtu huyo.

Dawa yake ni kurudi nyuma kwenye historia ya madau, kuwaondoa bandia kwa kalamu na karatasi, na kuhesabu upya bei ingesimama wapi. Ukipata 66, mwandikie A kwa upole: "Nimepitia historia ya madau. Akaunti mbili za juu hazikuwa na nia ya kununua. Bila hizo ungeshinda kwa 66. Ukiitaka lenzi kwa bei hiyo, nitaiweka kwa bei isiyobadilika uinunue." Halafu iweke humo humo kwenye mtandao, kwa bei hiyo. Msikubaliane kulipana nje. Ni marufuku katika mitandao mingi, na mnapotoka nje kila mmoja wenu anapoteza ulinzi wake. Ujumbe kama huo unakugharimu tofauti ya 80 na 66 ambayo hukuwa nayo tangu mwanzo, lakini unambakisha mtu.

Hasara yako halisi basi ni hii: ulistahili 66, umepata 58. Ni dola 8, ukiongeza wiki moja iliyopotea. Na sababu ya kupata 58 si wale wawili wa mwisho. Ni kwamba A hakurudi. Mtu aliyekuwa tayari kufika 80 angeisukuma bei juu ya 58 kwa kuwepo kwake tu, hata kama asingeshinda. Naomba jambo hilo lisikutoke, kwa kuwa maswali yako mengine yote yanalirudia: mnadani bei hutegemea kuwa na watu wawili wenye nia ya kweli, na yule wa pili ana thamani kwako sawa na wa kwanza.

Tuje kwa C aliyetoweka. Kila mtandao una utaratibu wake wa asiyelipa, na kosa ninaloliona mara kwa mara ni muuzaji kuufupisha kwa hasira. Kwenye eBay mnunuzi ana siku 4 za kulipa. Kuanzia siku ya tano unaweza kuyafuta mauzo, na una hadi siku 30 tangu mnada ulipoisha kufanya hivyo. Sababu utakayoichagua ni muhimu mno. Ukichagua kwamba mnunuzi hajalipa, jambo hilo huandikwa kwenye rekodi yake na ada ya mauzo hurudishwa kwako. Ukichagua kwamba bidhaa imeisha au imeharibika, kosa huandikwa kwako. Na ukichagua kwamba mnunuzi ameomba kughairi, yeye huondoka safi, huru kwenda kumfanyia mwingine. Nimewahi kuona wauzaji wakichagua hili la mwisho kwa huruma au kwa kuogopa maneno, na nawasihi wasifanye hivyo pasipo ombi la kweli. Tangu 2008 muuzaji wa eBay hawezi kumpa mnunuzi maoni mabaya, hivyo rekodi ya kutolipa ni miongoni mwa alama chache zinazobaki za kumkinga muuzaji anayefuata.

Rekodi hiyo inakusaidia na wewe pia. Kwenye mipangilio ya muuzaji kuna sehemu ya masharti ya wanunuzi, ambapo unaweza kuwazuia wenye rekodi ya kutolipa mara kadhaa ndani ya mwaka, pamoja na walio katika nchi usizotuma mzigo. Wauzaji wengi hawajawahi kuifungua sehemu hiyo. Ifungue leo. Akaunti mpya kabisa hazina rekodi, kwa hiyo hutazizuia zote, ila utapunguza. Na kama mtandao wako unaruhusu kumtaka mzabuni aweke njia ya malipo kabla ya kuweka dau, washa mpangilio huo. Hatua moja hiyo huwapunguza sana wanaobonyeza kwa mchezo.

Kuhusu kufuta dau: ndiyo, unaweza, na muuzaji makini hufanya hivyo mnada ukiwa bado hai badala ya kungoja ufe. Lakini usifute kwa sababu hupendi jina la mtu au kwa sababu akaunti ni mpya. Kila mnunuzi mzuri alianza akiwa na sifuri. Sababu zinazokubalika ni kama vile mzabuni mwenyewe kuomba kujiondoa, au wewe kumtafuta na kushindwa kabisa kuthibitisha ni nani, au kuwa na shaka ya msingi kwamba ni mlaghai. Dalili za kutazama ni dau moja kubwa mno linalozidi bei ya duka ya kitu kipya, akaunti iliyofunguliwa siku hiyo hiyo, na mtu ambaye hakuuliza lolote halafu anakutumia ujumbe akitaka mzungumze nje ya mtandao. Dalili moja peke yake haitoshi. Zikikutana mbili au tatu, mtumie ujumbe mfupi wa heshima: "Asante kwa dau lako. Tafadhali thibitisha kwamba umesoma maelezo na utalipa ukishinda." Mnunuzi wa kweli hujibu, mara nyingi ndani ya saa chache. Asipojibu na muda unakwisha, futa dau lake na umzuie. Bei itarudi pale ilipokuwa kati ya A na B, kama vile C hakupita.

Fanya hivyo mapema. Zinapobaki chini ya saa 12 kanuni za eBay hubana, kwa muuzaji anayetaka kuumaliza mnada mapema na kwa mzabuni anayetaka kuondoa dau lake. Jiwekee desturi ya kukagua historia ya madau siku moja kabla ya mwisho. Lenzi yako iliharibiwa siku ya mwisho, kwa hiyo usingeyaona yote, lakini ungekuwa macho.

Sasa wazabuni wa sekunde za mwisho. Hawa si walaghai, na ningependa uache kuwachukia kwa sababu wengi wao ni wanunuzi bora: wanajua wanachokitaka, wamesoma maelezo, na hulipa haraka. Mtu hungoja mwisho kwa sababu akiweka dau mapema humwamsha mwingine, bei ikapanda bila sababu. Hungoja pia ili asiwaonyeshe wengine kwamba yeye, anayeijua bidhaa, ameitamani. Alvin Roth na Axel Ockenfels walilichunguza jambo hili katika utafiti uliochapishwa 2002, wakilinganisha minada ya eBay na ile iliyokuwa ikiendeshwa na Amazon wakati huo. eBay ilikuwa na saa ya mwisho isiyosogea. Amazon iliurefusha mnada kila dau jipya lilipoingia karibu na mwisho, hadi zipite dakika 10 bila dau. Madau ya mwisho mwisho yalikuwa mengi zaidi eBay, na waliokuwa na uzoefu ndio waliozidi kufanya hivyo huko. Kanuni ya saa ndiyo iliyoleta tabia hiyo.

Kwa hiyo ukitaka kuipunguza, chagua mtandao wenye kanuni tofauti. Upo mtindo wa kurefusha muda hadi leo. Trade Me ya New Zealand, kwa mfano, husogeza mwisho kwa dakika 2 kila dau linapoingia ndani ya dakika 2 za mwisho. Ukibaki kwenye saa isiyosogea, kubali kwamba siku sita za kimya hazina maana mbaya. Tazama badala yake idadi ya watu wanaoufuatilia mnada. Kama wapo kumi na dau ni moja, watu hao wamekaa tayari. Kama hakuna anayeufuatilia, hapo una tatizo, na tatizo hilo lipo kwenye tangazo lako.

Pangilia pia saa ya kumalizika. Mnada huisha saa ile ile uliyouanzisha, hivyo ukiutangaza usiku wa manane utaisha usiku wa manane, wazabuni wako wamelala. Uanzishe wakati ambao wanunuzi wako wengi wamekaa nyumbani na simu mkononi. Na kama una lenzi mbili zinazofanana, usiziweke siku moja, kwa kuwa utawagawa wazabuni wachache ulionao na kila mnada utabaki na mmoja asiye na wa kumsukuma.

Nifike kwa rafiki yako. Jibu langu ni hapana. Akaunti ya pili, ya mke, ya shemeji, ya jirani, zote ni kitu kimoja: dau la uongo lenye lengo la kumfanya mtu wa kweli alipe zaidi. Umeshaona kwa macho yako lilivyomfanyia A, na lililokuuma wewe kama muuzaji ndilo unaloshauriwa umfanyie mnunuzi. Mitandao hufuatilia vifaa, anwani za intaneti, njia za malipo na mwenendo wa akaunti zinazokutana tena na tena kwenye bidhaa za muuzaji mmoja. Ukinaswa, hufungiwa akaunti zote mbili pamoja na sifa uliyoijenga kwa miaka.

Halafu kuna sheria. Nchini Uingereza, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya 1979, kifungu cha 57, inasema kwamba muuzaji asiyetangaza haki yake ya kuweka dau hana ruhusa ya kujipandishia, na mnunuzi anaweza kuyahesabu mauzo hayo kuwa ya ulaghai. Marekani, sheria ya biashara iliyopokewa na majimbo humpa mnunuzi haki ya kuukataa mnada wa aina hiyo, au kuchukua bidhaa kwa bei ya dau la mwisho lililowekwa kwa nia njema. Mwaka 2000 mchoro mmoja ulifika dola 135,805 kwenye eBay kabla ya kampuni kuyafuta mauzo, ilipobainika muuzaji alikuwa ameweka dau kwenye bidhaa yake mwenyewe. Mwaka uliofuata yeye na wenzake walifunguliwa mashtaka ya jinai Marekani kwa kupandishiana madau. Hata tukiacha sheria kando, ujanja huu hufeli kwa hesabu. Usipokijua kikomo cha A, utampita, nawe utabaki na lenzi yako mkononi na ada za kulipa.

Hofu inayomsukuma mtu kwenye akaunti ya pili ni ya kweli, hata hivyo: hofu ya kuuza kitu kwa bei ya kutupa. Kwa hofu hiyo ipo njia halali, na ndiyo uliyoiuliza. Bei ya chini ya siri ni kiwango unachokiweka ambacho mnada usipokifikia hulazimiki kuuza. Inakulinda, lakini ina gharama. eBay hutoza ada kwa kuiweka, na maandishi yanayosema kiwango hakijafikiwa huwakatisha tamaa wazabuni, kwa vile hawajui kama wanafukuza kitu kinachoshikika. Kwa lenzi ya dola 60 au 70 nisingeiweka. Ningeweka bei ya kuanzia ambayo nikiipata sitalia, tuseme 45, ikaonekana wazi kwa kila mtu. Kwa kitu cha mamia kadhaa au maelfu, hapo bei ya siri inaanza kuwa na maana.

Kuna mvutano hapa ambao sitaki kuuficha. Bei ndogo ya kuanzia huvuta watu. Gillian Ku, Adam Galinsky na Keith Murnighan walionyesha katika utafiti wao wa 2006 kwamba minada inayoanza chini inaweza kuishia juu zaidi, kwa kuwa wengi huingia mapema, wakishaingia huona wameshawekeza, na msongamano wao huwafanya wengine waamini kitu kina thamani. Lakini hayo hutegemea watu kuja. Kitu kinachotafutwa na wengi, anza chini bila woga. Kitu adimu ambacho wanaokijua ni wachache, bei ndogo ya kuanzia ni kamari, kwa maana wiki hiyo anaweza kuwepo mmoja tu.

Jeremy Bulow na Paul Klemperer walithibitisha kihisabati, mwaka 1996, jambo ambalo kila muuzaji angefaa kulijua: chini ya masharti ya kawaida, kumleta mzabuni mmoja zaidi kwenye mnada kuna faida kuliko ustadi wote wa kupanga bei ya chini. Kwa hiyo zile saa unazozitumia kufikiria uweke 40 au 55, zihamishie kwenye tangazo.

Na tangazo la lenzi linafanyiwa kazi hivi. Andika jina na namba kamili ya modeli kwenye kichwa, jinsi ilivyochorwa kwenye pete ya lenzi yenyewe, kwa sababu herufi moja ikikosewa injini ya utafutaji haikuonyeshi kwa anayekutafuta. Piga picha ukiiangaza kwa tochi kutoka nyuma, ili kuvu, vumbi na mikwaruzo ionekane. Piga nyingine ya visu vya tundu la mwanga, yaani vile vipande vyembamba ndani ya lenzi vinavyolipanua na kulibana tundu hilo, vikiwa vimefunga nusu, maana mafuta kwenye visu ndiyo swali la kwanza la kila anayejua. Kisha sema ubaya kwa maneno yako: "Kuna kuvu kidogo ukingoni mwa kioo cha nyuma. Picha haziathiriki, ila ukimulika utaiona." Muuzaji mgeni huogopa sentensi kama hiyo. Mimi nimeona ikifanya kinyume cha anachokiogopa: mzabuni asiye na shaka huandika kikomo chake chote, na akishinda halegei kulipa kwa kuwa hakuna kilichofichwa cha kumshtua. Sehemu ya wasiolipa si walaghai kabisa, ni watu waliosoma maelezo kwa makini baada ya kushinda wakajuta.

Kuna swali ambalo hukuuliza ila nitaliongeza: je, mnada ndio njia sahihi kwa bidhaa zako zote? Mwanzoni mwa eBay, mwaka 1995, kila kitu kilikuwa mnada. Kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kielekezi cha leza kilichoharibika, kwa dola 14.83. Baadaye sehemu kubwa ya biashara ikahamia kwenye bei isiyobadilika, kwa kuwa wanunuzi wengi hawataki kungoja siku saba. Lenzi ambayo unaweza kuona kumi kama hiyo zimeuzwa mwezi huu ina bei inayojulikana. Tazama orodha ya zilizouzwa, si zinazotangazwa, weka bei hiyo na utake malipo papo hapo, na tatizo la C linakwisha kabisa. Mnada utunze kwa vitu ambavyo wewe mwenyewe hujui thamani yake, au ambavyo wapenzi wake huvigombea.

Uwe macho na aina moja zaidi ya mshindi, yule ambaye halipi lakini pia hanyamazi. Atakuletea barua pepe inayosema malipo yamezuiliwa mpaka utume namba ya mzigo, au amelipa kupita kiasi na anaomba urudishe ziada, au anataka mzigo uende kwenye anwani nyingine ya ndugu yake. Usitume kitu mpaka uyaone malipo ndani ya akaunti yako, ukiwa umeifungua mwenyewe na si kwa kubonyeza kiungo alichokutumia. Tuma kwenye anwani iliyo kwenye oda peke yake. Akitaka nyingine, ghairi na aagize upya.

Mengi ya haya utayamaliza mwenyewe ukiwa umekaa na simu yako. Lakini yapo ya kumwendea mtu ana kwa ana. Ukirithi saa, kito, mchoro au kifaa cha zamani usichokijua, mpelekee mthamini akishike mkononi kabla hujakiweka popote. Na kama thamani ni kubwa, zungumza na nyumba ya mnada inayowakagua wazabuni wake na kuchukua amana. Ukiwa umeshatuma mzigo na malipo yakarudishwa kwa udanganyifu, au mtu akakutisha, nenda polisi ukiwa na nakala za ujumbe wote, historia ya madau na risiti ya usafirishaji, na uzihifadhi siku hiyo hiyo kabla kurasa hazijaondolewa. Kama ulimpa mtu namba ya kadi au neno la siri, piga simu benki kwanza, polisi baadaye, kwa sababu huko dakika zina uzito. Na kama ulikwisha kuufuata ushauri wa rafiki yako kabla hujaniandikia, acha sasa, usiifute akaunti hiyo, na umwone wakili kabla ya kujibu barua yoyote ya mtandao au ya mnunuzi.